Karo ya Mtoto, Ubatizo wa Mama

Dada mmoja anayeuza mitumba Owino, kibanda chake kikiwa upande wa mfereji wa Nakivubo, ameniletea swali ambalo najua si lake peke yake. Jirani yake wa kibanda ni Mwislamu, mjane mwenye watoto watatu. Wamekaa ubavu kwa ubavu kwa miaka mingi. Mmoja akienda kuswali adhuhuri au kumpeleka mtoto zahanati, mwenzake humuuzia na kumwekea pesa zake, wala hawahesabiani. Mwaka huu mambo ya mjane yamekwenda kombo. Robota alilolinunua kwa mkopo lilikuwa na nguo mbovu tupu, na mtoto wake wa kwanza amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Kanisa la dada yetu, la walokole, lina mfuko wa kusomesha watoto. Mchungaji amekubali kumlipia mtoto huyo mpaka amalize sekondari, kwa sharti kwamba ahudhurie shule ya Jumapili na mama naye afikiwe na Injili. Mjane aliposikia, alijibu pale pale: kama kinachotakiwa ni ubatizo, nipeleke hata kesho. Habari ilipofika kanisani, watu wakapiga makofi. Dada yetu hakupiga. Anauliza, “Nikimzuia, je, nitakuwa ninamzuia Mungu?”

Humzuii Mungu, dada yangu. Unamzuia mchungaji wako, na hao ni wawili, hata kama kipaza sauti cha kanisani kinakusahaulisha. Mwendee mjane, umwambie asibatizwe kwa sababu ya karo. Mwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla mtu mwingine hajamfundisha kwamba maji yale ndiyo risiti ya shule. Kisha turudi kwenye karo, maana mtoto bado yuko nyumbani na maneno yangu hayamrudishi darasani.

Nianze kwa kuondoa shaka moja. Mimi ni Mkristo kama wewe, na sikuambii usihubiri. Wapo watu hapa mjini, wengi wao waliosoma, wanaoona kwamba ustaarabu ni kila mtu kuifungia dini yake chumbani na kuzungumza na jirani habari za mpira na bei ya sukari tu. Sikubaliani nao. Ukristo ni dini ya kualika, na Uislamu ni dini ya kualika, na anayeamini kwamba amepata uzima kisha akamnyamazia rafiki yake, urafiki huo nautilia mashaka. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 29, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na uhuru wa kuifuata dini yake mbele za watu. Kwa hiyo sema. Ila kabla hujafungua mdomo, angalia mkono wako umeshika nini.

Nikuonyeshe mahali unapouzia nguo. Soko lako kwenye karatasi za serikali linaitwa Mtakatifu Balikuddembe, ingawa sijamsikia hata padri akiliita vingine ila Owino. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa mkuu wa vijana watumishi katika ikulu ya Kabaka Mwanga. Mwishoni mwa Oktoba 1885, Askofu James Hannington aliuawa kwa amri ya Kabaka alipokuwa njiani kuingia Buganda kutokea Busoga. Hannington alikuwa Mwanglikana na Balikuddembe alikuwa Mkatoliki, na siku hizo Wakatoliki na Waprotestanti wa hapa hawakuwa wakikaa mkeka mmoja. Hata hivyo kijana huyo alimkabili mfalme wake na kumwambia kwamba amekosea kumuua mgeni bila kumpa nafasi ya kujieleza. Tarehe 15 Novemba 1885 aliuawa hapa Nakivubo, wa kwanza katika Wakatoliki waliouawa Uganda kwa ajili ya dini. Kabla ya kufa alimtumia Mwanga ujumbe kwamba amemsamehe, na kwamba atubu. Hayo yalikuwa mahubiri. Aliyeyatoa hakuwa na kitu cha kumpa Kabaka, na Kabaka alikuwa na kila kitu cha kumnyang’anya.

Sasa sikiliza na upande wa pili, ambao kanisani hausimuliwi sana. Mwaka 1844 mfanyabiashara Mwarabu aliyeitwa Ahmed bin Ibrahim alifika katika ikulu ya Kabaka Suna. Siku moja, watu wakiwa wanachinjwa kwa amri ya mfalme kama ilivyokuwa desturi, alisimama akamwambia Suna kwamba wale anaowaua wameumbwa na Mungu, na Mungu huyo ndiye aliyempa yeye ufalme. Hapo ndipo habari za Mungu wa Waislamu zilipoanza kusikika ikuluni Buganda. Mgeni aliyekuja kutafuta pembe angeweza kunyamaza, akauza bidhaa zake, akaenda zake na kichwa chake kikiwa mahali pake.

Mtoto wa Suna, Mutesa, aliupokea Uislamu kwa namna yake. Kuanzia mwaka 1867 alifunga Ramadhani kwa miaka kumi hivi, akajifunza Kiswahili na herufi za Kiarabu, akajenga msikiti ikuluni. Lakini hakutahiriwa, kwa kuwa mila haikuruhusu damu ya Kabaka imwagike. Vijana wake waliokuwa wameisoma dini kumpita yeye wakakataa kuswali nyuma yake, wakakataa na nyama ya jikoni kwake kwa kuwa haikuchinjwa na Mwislamu. Karibu na mwaka 1876 makumi yao waliuawa Namugongo. Miaka kumi baadaye, tarehe 3 Juni 1886, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo hiyo hiyo. Mahujaji wanaomiminika huko kila Juni hawasikii sana habari za wale waliotangulia. Papa Paulo VI hakuwasahau. Alipokutana na viongozi wa Waislamu mjini Kampala mwezi Agosti 1969, aliwataja Waislamu hao waliokufa kwa ajili ya imani yao, na aliwataja kwa heshima.

Nimekupitisha huko kwa sababu moja. Neno la dini lililokuja kuheshimiwa katika nchi hii lilisemwa na mdogo kumwambia mkubwa. Ahmed alisema na Suna. Wale vijana walisema na Mutesa. Balikuddembe alisema na Mwanga. Neno la namna hiyo halihitaji msaada, kwa kuwa msikilizaji ana uhuru wote wa kulikataa, tena ana panga. Mchungaji wako anataka kulisema neno hilo hilo kwa kushuka, kutoka kwenye mfuko wa pesa hadi kwa mwanamke mwenye deni. Msikilizaji wake hana uhuru hata kidogo. Akisema “naamini” hutajua kamwe alichoamini.

Na tumeshaona neno la dini likichanganywa na mahitaji linazaa nini. Mackay wa Waanglikana alifika kwa Mutesa mwezi Novemba 1878, na Padri Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, alifika Februari 1879. Mutesa alipenda mijadala. Aliwakalisha Mackay, Lourdel na Waarabu mbele yake wakibishana, kwa kiasi kikubwa kwa Kiswahili, naye akifurahia. Lakini zaidi ya mijadala alitaka bunduki, maana majeshi ya Misri yalikuwa yakisogea kutoka kaskazini. Kila upande ulijua hilo. Wageni walipimwa kwa kile walichoweza kuleta, na wafuasi wao wakajifunza kupima hivyo hivyo. Mwaka 1888 Wakristo na Waislamu waliungana kumwondoa Mwanga. Haikuchukua hata miezi miwili Waislamu wakawafukuza Wakristo na kumkalisha Kalema kwenye kiti cha Kabaka. Wakristo wakarudi kwa vita, Waislamu wakasukumwa upande wa Bunyoro. Kisha Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wakapigana wenyewe kwa wenyewe pale Mengo, kilima unachokiona ukiinua macho kutoka kibandani kwako, na bunduki ya Maxim ya Kapteni Lugard, Mwingereza, ikaamua nani amesoma Biblia vizuri zaidi.

Baada ya bunduki ikaja shule. Namilyango ilifunguliwa mwaka 1902, Budo mwaka 1906, na elimu ya Uganda kwa miaka mingi ikawa mikononi mwa misheni. Wazazi Waislamu waliona watoto wa wenzao wakiingia shule na jina moja na kutoka na jina jingine, wakawazuia wa kwao nyumbani. Ndiyo maana vizazi kadhaa vya Waislamu wa Buganda viliishia kwenye bucha, udereva na biashara, huku ofisi za serikali zikijaa waliobatizwa. Mwanamfalme Badru Kakungulu alitoa ardhi Kibuli ili Waislamu wapate msikiti na shule yao wenyewe. Mjane wako alipokuambia “nipeleke hata kesho” hakuwa amevumbua wazo. Alikuwa anazungumza kama mtu aliyerithi habari: kwamba katika mji huu, mlango wa darasa una beseni la maji mbele yake. Bibi yake alilijua hilo, na pengine alikataa. Yeye amechoka kukataa.

Hebu tumhesabie atakachotoa, kwa kuwa kanisani mmehesabu atakachopata tu. Mwanamke wa Kiislamu aliyebatizwa habatizwi peke yake. Ndugu za marehemu mumewe wanaweza kudai watoto. Wanawake wanaomletea futari mwezi wa Ramadhani watapita kibandani bila salamu. Akifiwa, swali la nani ataosha maiti na wapi itazikwa litakuwa ugomvi mbele ya jeneza. Mtu aliyesadiki kweli hubeba yote hayo, na wapo waliobeba, nami nawavulia kofia. Lakini huyu hajasadiki. Huyu anataka mtoto arudi darasani. Mnamtaka alipe kwa ukoo wake wote kitu ambacho kanisa linakilipa kwa sadaka ya Jumapili mbili.

Na mtoto je? Ana umri wa kuelewa. Atajifunza kwamba mama yake aliiuza sala kwa karo, na kwamba Yesu alikuwa upande wa mnunuzi. Sijui somo gani la shule ya Jumapili litakalofuta hilo.

Mchungaji wako ana Biblia, kwa hiyo mkumbushe wale kumi wenye ukoma katika Luka sura ya 17. Wote kumi walitakasika. Mmoja tu alirudi kushukuru, naye alikuwa Msamaria, mtu wa dini ya kando. Bwana aliuliza wako wapi wale tisa, swali lenye uchungu ndani yake, lakini hakuwarudishia ukoma wao. Mkumbushe pia Naamani, jemadari wa Shamu. Elisha alikataa zawadi zake, akamwacha aende kwa amani hata baada ya mtu yule kusema wazi kwamba ataendelea kumsindikiza mfalme wake katika hekalu la Rimoni. Aliyemkimbilia Naamani njiani kudai chochote ni Gehazi, na kila aliyesoma sura ile anajua Gehazi alirudi nyumbani na nini mwilini.

Kama hayo hayamtoshi, kuna jambo la juzi. Juni 2011 Baraza la Makanisa Ulimwenguni, ofisi ya Vatikani inayoshughulikia mazungumzo na dini nyingine, na Muungano wa Kiinjili wa Ulimwengu walitoa pamoja waraka kuhusu namna Mkristo anavyopaswa kuishuhudia imani yake mbele ya watu wa dini nyingine. Nautaja huo wa tatu kwa makusudi, kwa kuwa walokole hupenda kusema nyaraka za namna hii ni za Wakatoliki na wasomi waliopoa. Waliukubali walokole wenzenu. Unasema ushuhuda usitumie hila wala vishawishi, na kwamba kutumia umaskini na shida za watu kama chambo hakuna nafasi katika kazi ya kumhubiri Kristo. Mchungaji akikuambia huo ni ulegevu wa kizungu, mwambie asome kwanza.

Atakujibu hivi, najua: pesa hizi ni za waumini, kwa nini zisomeshe wasio waumini? Hilo ni swali halali na lina jibu halali. Kanisa linaweza kuwa na mfuko wa watoto wake peke yake. Likisema hivyo waziwazi, halimdanganyi mtu. Mjane atajua hapa hapana, ataenda kwingine. Kinachonikera ni mfuko unaoitwa wa huruma siku ya kuomba michango, ukawa wa kuvulia siku ya kugawa. Chagueni moja, muandike ukutani.

Waswahili tuna dhambi tunayoijua kwa karibu: masimango. Mtu akupe shuka leo, kesho akukumbushe mbele ya watu kwamba umelilalia. Kurani, katika sura ya Baqara, inawaonya waumini wasiziharibu sadaka zao kwa masimbulizi na maudhi, na sioni Mkristo gani anaweza kulipinga hilo. Ubatizo unaodaiwa kwa karo ni simango lililotangulizwa. Mtu anasimangwa kabla hajapewa.

Tuseme basi jambo la fedha limekwisha na umebaki na rafiki yako kibandani, sawa kwa sawa. Utamhubiri vipi? Vizuri zaidi kuliko sasa, naamini, kwa kuwa ninyi wawili mmeshaaminiana kwenye sanduku la pesa, na hilo si jambo dogo pale Owino. Akikuuliza kwa nini unasali hivi, mjibu. Akikuuliza unaamini nini kuhusu Isa, mwambie unachoamini chote, usipunguze makali ili umpendeze, maana naye ana akili na atajua unampunguzia. Umwulize na wewe. Ramadhani ikifika usimpigie kelele za chai saa nne asubuhi, wala usiuchukue mwezi ule kama msimu wa mavuno kwa kuwa eti “mioyo imelainika”. Umekwisha kusikia mahubiri ya namna hiyo, na mimi nimeyasikia. Ukimwalika kula kwako, kuku achinjwe na Mwislamu. Usiseme ni kitu kidogo. Vijana wa ikulu ya Mutesa walikufa juu ya swali hilo hilo.

Na usiitukane dini yake ili yako ing’ae. Hili nalisema kwa uzito kwa sababu makanisa yetu yameingiwa na tabia mbaya. Anatafutwa mtu anayejiita aliyekuwa sheikh, anasimamishwa jukwaani, anaiga sala aliyoisali utotoni, watu wanacheka. Upande wa pili nao wana aliyekuwa padri wao, anayefanya kazi ile ile kwa ujira ule ule. Wote wawili hawajamwongoa mtu; wanawafurahisha tu waliokwisha kuamini. Majirani zetu wa Tanzania waliionja njia hii. Miaka ya 1980 mihadhara ya kulinganisha dini ilijaa viwanjani, Waislamu wakitumia Biblia kuupinga Ukristo na Wakristo wakijibu mapigo. Februari 1998 polisi waliuvamia msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam, kwa madai kwamba mahubiri ya pale yanautukana Ukristo, na watu wakapigwa risasi wakafa. Hakuna aliyeokoka siku ile na hakuna aliyesilimu.

Wako wamisionari waliofanya kazi ngumu kwa uvumilivu mkubwa kisha wakaiharibu kwa jambo hili. Kanoni Godfrey Dale wa Zanzibar alitoa mwaka 1923 tafsiri nzima ya Kurani kwa Kiswahili. Fikiria kazi ile, miaka ile! Lakini aliambatanisha maelezo ya kuipinga Kurani yenyewe, na Waislamu wakaiona kama mtu aliyewakaribisha chakula akatia mchanga. Mwenzake wa Mombasa, William Taylor, alihubiri mitaani kwa Kiswahili kizuri kwa miaka na kupata waongofu wa kuhesabika kwa vidole. Ila alikaa chini ya wajuzi Waislamu kama Mwalimu Sikujua akajifunza, akaandika methali zao, akasaidia kuhifadhi mashairi ya Muyaka ambayo yangepotea. Leo Mwislamu wa Mombasa anayempenda Muyaka ana deni kwa mchungaji wa Kiingereza, na analikubali bila uchungu kwa kuwa hakutozwa kitu.

Nanyi wasomaji wangu Waislamu, msikunje mikono mkitikisa kichwa. Barua hii ina sehemu yenu. Mjane huyu amekaa na shida miezi kadhaa ndani ya soko lenye wafanyabiashara Waislamu kila upande, hatua chache kutoka Kikuubo ambako maboksi ya bidhaa zao yanapanda na kushuka tangu alfajiri. Aya ya zaka katika sura ya Tawba inawataja maskini, na inawataja pia wenye madeni. Yeye ni wote wawili. Ilikuwaje habari zake zikafika kanisani kabla hazijafika kwa imamu? Mkimkasirikia mchungaji, sawa, lakini hasira hiyo igawanywe. Na mwenye kisima kilichochimbwa kwa pesa za Ghuba, ambacho majirani Wakristo wanaruhusiwa kuchota mradi watoto wao wakae madrasa, ajue nimemwandikia na yeye. Sura ile ile ya Baqara inakataza kulazimishana katika dini, na kiu ni njia mojawapo ya kumlazimisha mtu.

Lipo na la mwisho kwa upande wenu, nalo si la kuzungukwa. Itatokea siku Mwislamu abadili dini bila karo, bila kisima, kwa sababu ameamini. Mchungaji mmoja wa hapa Kampala aliyetoka katika Uislamu alimwagiwa tindikali nje ya kanisa lake usiku wa mkesha wa Krismasi mwaka 2011, na macho yake hayajawa sawa tangu hapo. Wengi wenu mlilaani, najua. Endeleeni kulaani kwa sauti, hasa nyumbani, mbele ya vijana. Mtoto akiondoka katika dini yenu, lieni, ombeni, bishaneni naye mkitaka mpaka usiku wa manane, kisha mwekeeni sahani yake ya chakula. Nasema hivyo hivyo kwa familia za Kikristo ambazo binti akisilimu huondolewa hata kwenye picha za ukutani.

Nirudi kwako, dada wa Nakivubo, na kwa mtoto.

Nenda kwa mchungaji kabla ya Jumapili, uende na mzee mmoja wa kanisa anayekuheshimu, umwombe aondoe masharti yote mawili, la mama na la shule ya Jumapili. Usimwombe mbele ya watu, maana akishasema hapana hadharani hatarudi nyuma. Akikubali, vizuri. Pesa ziende moja kwa moja kwa mhasibu wa shule. Mjane asiitwe mbele ya ibada kushukuru, na picha ya mtoto isiende kwenye jarida la wafadhili.

Akikataa, usigombane naye sana. Una watu wengine. Mpeleke mjane kwa imamu wake, umsindikize wewe mwenyewe ukiweza, na gomesi yako, ukae naye pale nje mpaka asikilizwe. Uliza kama shule ya serikali iliyo karibu, kati ya zile zilizoingizwa katika mpango wa elimu ya sekondari kwa wote ulioanza mwaka 2007, ina nafasi. Hata huko kuna michango, ila haifanani na karo ya shule ya binafsi. Chama chenu cha akiba kinaweza kumkopesha kiasi cha muhula mmoja, na mkopo huo uwe bila riba, kwa kuwa riba kwake ni haramu na ninyi mnalijua hilo mnapoandika daftari. Wenye vibanda wachache wakimtolea nguo nzuri chache kila mmoja kutoka kwenye robota lake, atakuwa na mzigo wa kuanzia tena.

Muhula wa kwanza huanza Februari, na shule nyingi hutaka nusu ya karo siku ya kwanza. Anza wiki hii. Na risiti iandikwe jina la mama wa mtoto, si lako wala la kanisa.